Programu Haijui Nani Anaiandikia

Fungua madirisha mawili ya terminali kwenye kompyuta ya Linux, yale ya kuandikia amri ambayo kwenye filamu hutumiwa na wadukuzi tu. Kama huna kompyuta, simu ya Android yenye programu ya Termux inatosha. Katika kila dirisha andika tty, kisha bonyeza Enter. La kwanza litakujibu kitu kama /dev/pts/0, la pili /dev/pts/1. Hayo ndiyo majina yao. Linux imerithi kutoka Unix tabia ya kukichukulia karibu kila kitu kuwa faili, hivyo dirisha nalo lina jina la faili na linaweza kuandikiwa kama faili. Rudi dirisha la kwanza, andika hivi:

echo date > /dev/pts/1

Neno date litatokea katika dirisha la pili, na halitafanya lolote. Bonyeza Enter kule kadiri upendavyo, tarehe haiji. Lakini ukiziandika herufi hizohizo nne kwa vidole vyako ndani ya dirisha lilelile, papo hapo utatajiwa siku, mwezi na saa. Kwa macho, herufi ni zilezile na skrini ni ileile. Tofauti iko wapi?

Karibu kila anayejifunza kuendesha kompyuta kwa amri hugonga ukuta huu siku anapotaka dirisha moja liliamrishe jingine. Jibu lake ni refu kidogo, na linapitia uamuzi ambao mimi nauhesabu miongoni mwa bora kabisa katika historia ya programu za kompyuta: kuifanya programu isijue inazungumza na nani.

Tuanze na programu yenyewe. Katika Unix na ukoo wake wote, Linux na macOS zikiwamo, kila programu inapoamka hukuta imekwisha kufunguliwa njia tatu, nazo hutambulika kwa namba. Sifuri ni ya kupokelea data, moja ni ya kutolea majibu, mbili ni ya kutolea taarifa za makosa. Programu kama sort, inayopanga mistari kialfabeti, inapohitaji kitu cha kupanga huiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, iisomee kilichopo kwenye namba sifuri. Basi. Haitaji kibodi, haitaji faili, haitaji mtandao. Kilichounganishwa upande wa pili wa sifuri hakiihusu.

Ujinga huo unathibitika kwa amri mbili. Tengeneza faili la majina ya watu, uliite majina.txt, kisha uhesabu mistari yake kwa wc -l majina.txt. Utajibiwa idadi pamoja na jina la faili. Halafu andika wc -l < majina.txt. Idadi ni ileile, ila jina halipo. Mara ya kwanza wc ilipewa jina, ikaenda kulifungua faili yenyewe. Mara ya pili haikuambiwa jina lolote, kwa sababu alama ya < ilikuwa agizo kwa sheli, ile programu inayokungoja na alama ya $ na kuzipokea amri zako. Sheli ndiyo iliyolifungua faili, ikaliunganisha na njia namba sifuri, kisha ikaiamsha wc. Kuchepusha ingizo la programu ni hivyo tu: kukiondoa kilichokuwa nyuma ya sifuri na kuweka kingine, kabla programu haijafumbua macho.

Leo jambo hili linaonekana dogo mno kuandikiwa makala. Halikuwa dogo miaka ya 1960. Kwenye kompyuta kubwa za IBM zilizoendeshwa na mfumo wa OS/360, mtu aliyetaka programu yake isome data fulani aliyaandika maelezo kwa lugha maalumu, JCL, kwenye kadi za kutobolewa: data iko kwenye kifaa gani, ina umbo gani, ifanyweje kazi ikiisha. Koma moja ikikosewa, kazi nzima inaanguka.

Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuijenga Unix mwaka 1969 katika Maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, juu ya kompyuta ndogo aina ya PDP-7. Kabla ya hapo walikuwa wameshiriki katika Multics, mradi mkubwa wa MIT, General Electric na Bell, ambao Bell ilijitoa mwaka huohuo. Ritchie, katika makala yake kuhusu namna Unix ilivyokua, hafichi kwamba wazo la kuchepusha lilitoka Multics. Huko liliwezekana, lakini kwa kuzunguka: aliyetaka kupeleka orodha ya mafaili yake ndani ya faili alitoa amri ya kuunganisha, kisha amri ya kuorodhesha, kisha amri nyingine ya kurudisha mambo yalivyokuwa. Unix ikaipunguza safari yote hiyo hadi alama moja ya kibodi, > kwa kinachotoka na < kwa kinachoingia. Alama hizo hazikuwapo siku ya kwanza, ila zilifika mapema, bado enzi ya PDP-7.

Ujanja wa ndani ni mfupi. Sheli hujizalisha nakala. Nakala hiyo, kabla ya kugeuka kuwa sort au wc, huifunga njia namba sifuri, kisha hulifungua faili lililotajwa. Unix ina kanuni kwamba kinachofunguliwa hupewa namba ndogo kuliko zote zilizo wazi, na sifuri imeachwa wazi sasa hivi, kwa hiyo faili linaikalia. Ndipo nakala inajivua usheli na kuwa sort. Sort inaamka, inaikuta sifuri tayari ina kitu, inaanza kusoma. Hakuna mstari hata mmoja ndani ya sort uliobadilishwa ili hili liwezekane.

Mwanzoni mpango huu ulikuwa na kasoro, na kasoro yenyewe inafundisha kuliko maelezo mengi. Kwenye PDP-7 kila programu iliyokuwa ikiendeshwa ilitunza yenyewe kumbukumbu ya mahali ilipofikia katika faili. Sasa chukua amri mbili, ls ya kuorodhesha mafaili na who ya kutaja walioingia kwenye kompyuta, uziandike ndani ya faili moja, kisha uiambie sheli isome amri humo na kupeleka majibu yote katika faili jingine. Sheli inazaa nakala, inakuwa ls, inaandika orodha yake vizuri, inakufa. Sheli inazaa nakala ya pili, ya who. Nakala hii inarithi kumbukumbu ya mama yake, na mama mwenyewe hajaandika chochote, hivyo kumbukumbu inasema bado tuko mwanzo wa faili. Who inaandika juu ya maandishi ya ls na kuyafuta.

Dawa ilikuwa kuiondoa kumbukumbu hiyo mikononi mwa programu na kuiweka kwenye jedwali la kerneli, ambapo mzazi na watoto wake wote wanatazama sehemu moja. Mtoto akisogea mbele, mzazi naye amesogea. Ndiyo maana leo (ls; who) > orodha.txt inakupa majibu yote mawili yakifuatana. Lishike hili la kusogea pamoja, kwa sababu upande wa kuingiza data lina makali yake, na tutayaona.

Wakati huohuo alikuwapo Doug McIlroy, mkuu wa idara waliyofanyia kazi kina Thompson. Tangu Oktoba 1964 alikuwa ameandika waraka akitaka programu ziunganishwe kama mpira wa kumwagilia bustani: ukihitaji kuifanyia data jambo jingine, unaongeza kipande. Hakuacha kusumbua. McIlroy amesimulia kwamba hatimaye Thompson aliukamilisha mpango huo kwa usiku mmoja, na mwongozo wa tatu wa Unix, wa Februari 1973, tayari una mabomba. Bomba, linaloandikwa kwa alama ya |, huchukua namba moja ya programu iliyo kushoto na kuiunganisha na namba sifuri ya iliyo kulia. Ilibidi programu nyingi zifanyiwe marekebisho, maana zilikuwa zimezoea kudai jina la faili. Zikafundishwa kwamba usipopewa jina, soma sifuri. Mpaka leo hiyo ni adabu ya programu yoyote ya Unix inayojiheshimu.

Sheli ya Stephen Bourne, iliyotoka na toleo la saba mwaka 1979, iliongeza kitu ninachokipenda kuliko vyote, yaani uwezo wa kuweka ingizo palepale kwenye amri bila faili lolote:

sort <<MWISHO
Tanga
Mombasa
Lamu
Bagamoyo
MWISHO

Sort itayapanga kuanzia Bagamoyo hadi Tanga, ikidhani imesoma ilichosoma siku zote.

Hadi hapa sifuri imeunganishwa na faili, na bomba, na maandishi yaliyomo ndani ya amri. Usipoandika alama yoyote, huunganishwa na dirisha. Hapo ndipo mambo yanaponoga, kwa sababu dirisha linajifanya faili ilhali si faili hata kidogo.

Terminali haikuanza kama dirisha. Ilikuwa mashine nzito ya chuma yenye kibodi na karatasi, na iliyotumika sana ni Teletype Model 33, yenye uwezo wa kuchapa herufi 10 kwa sekunde, herufi kubwa tu. Jina tty uliloandika pale juu linatokana nayo. Baadaye karatasi ikapisha kioo. VT100 ya kampuni ya DEC, ya mwaka 1978, ilionyesha mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja, na madirisha mengi ya terminali bado hufunguka kwa ukubwa huohuo. Mwaka 1984 Mark Vandevoorde akaandika xterm kwa ajili ya VAXstation 100. Hiyo ilikuwa programu iliyoigiza mashine ya kioo ndani ya dirisha. Chuma kimekwenda, ila kerneli bado inaamini inazungumza na chuma.

Kati ya kibodi na programu kuna tabaka la kerneli ambalo wengi hawajui kama lipo. Kwa kawaida hulimbikiza herufi zako hadi ubonyeze Enter, na kukufutia unapobonyeza kitufe cha kufuta. Programu haipati kuona makosa uliyofuta. Ukibonyeza Ctrl na C, tabaka hili halipeleki herufi bali humtwanga aliye mbele kwa ishara ya kumkatisha. Ctrl na D hukabidhi kilicholimbikizwa hata bila Enter, na kama hakuna kitu, programu inapokea data tupu na kuelewa kwamba ingizo limeisha. Tabaka hilohilo ndilo linalozichora herufi kwenye skrini unapoandika. Jaribu cat peke yake, bila jina la faili, uandike mstari wowote na Enter. Utauona mara mbili: mara ya kwanza umechorwa na kerneli ulipokuwa ukiandika, mara ya pili umerudishwa na cat. Sheli za siku hizi kama bash huzima sehemu ya tabaka hili na kujihudumia zenyewe, ndiyo maana mshale wa juu unakurudishia amri ya jana.

Sasa tuna kila kinachohitajika. Dirisha la terminali ni njia yenye ncha mbili. Ncha moja imeshikwa na programu inayochora dirisha, iwe xterm au nyingine. Ncha ya pili ndiyo yenye jina kama /dev/pts/1, na imeshikwa na sheli pamoja na programu zote unazoendesha humo. Unapobonyeza vitufe, programu ya dirisha inaziingiza herufi kwa ncha yake, zinapita katika tabaka la kerneli, na sheli inazisoma upande wa pili. Sheli ikijibu, inaandika katika ncha yake, na maandishi yanasafiri kinyume hadi kwa programu ya dirisha, inayoyachora.

Ulipoandika echo date > /dev/pts/1, uliandika katika ncha ya sheli, pembeni yake, ukifanya kitendo kilekile inachofanya sheli inapotoa majibu. Herufi zikasafiri kuelekea skrini, zikachorwa, mchezo ukaisha. Ili zisomwe kama ingizo ilipasa ziingie kwa ncha nyingine, na ncha hiyo haina jina la faili unaloweza kulifungua. Ukijaribu /dev/ptmx, ambayo ndiyo mlango wa kuombea ncha hizo, kerneli inakupa jozi mpya kabisa isiyohusiana na dirisha lako. Anayemiliki ncha ya kuingizia ni aliyeunda dirisha, basi.

Ukitaka vurugu, jaribu kinyume chake: katika dirisha la kwanza andika cat /dev/pts/1, kisha nenda dirisha la pili uandike kitu. Cat na sheli sasa zinasoma njia moja kwa pamoja, na kila herufi inaenda kwa anayewahi. Nusu ya neno inatokea huku, nusu kule.

Kwa hiyo dirisha linaharibu kidogo ule ujinga mtakatifu wa programu, na programu nyingi zimelitumia hilo. Zinaweza kuiuliza kerneli kama sifuri au moja ni terminali. Ukiandika ls, mafaili yanajipanga kwa safu. Ukiandika ls | cat, yanakuja moja kwa mstari, kwa sababu ls imegundua kuwa haiko mbele ya macho ya mtu. Python nayo huonyesha zile alama za >>> ikiwa mbele ya kibodi, na kuziacha ikichepushiwa faili. Sina ugomvi na tabia hizi, ingawa zimewapotezea muda watu wengi wanaoona amri ikitenda hivi dirishani na vingine ndani ya skripti, yaani faili la amri.

Programu nyingine zinakwenda mbali zaidi na kuipuuza sifuri. Linux ina jina la pekee, /dev/tty, ambalo kwa programu yoyote lina maana ya terminali iliyoizaa, hata kama njia zake zote tatu zimechepushwa. Less inalitumia: ukiandika sort majina.txt | less, sifuri ya less imejaa data kutoka kwa sort, lakini bado inasikia ukibonyeza q kwa sababu vitufe inavisoma kupitia /dev/tty. Ssh na sudo hulitumia kuulizia nywila. Ndiyo maana ukimimina nywila kwa echo na bomba kuelekea sudo, sudo haiioni na inakuuliza upya, mpaka uiambie kwa -S kwamba safari hii isome sifuri. Ni kinga dhidi ya watu kuziacha nywila zao ndani ya skripti, na ni kinga nzuri.

Lakini kuna kazi halali zinazohitaji kuidanganya programu inayodai mtu. Mwaka 1990 Don Libes wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, aliwasilisha programu yake ya Expect. Expect haibishani na suala la ncha. Inaunda jozi mpya, inajishikia ncha ya kuingizia, na kuiamsha programu lengwa kwenye ncha nyingine. Programu ikiuliza kama iko kwenye terminali, kerneli inajibu ndiyo, kwa kuwa ni kweli. Expect inangoja maneno fulani yatokee, kisha inaandika jibu lililopangwa. Tmux, iliyotoka mwaka 2007, inafuata njia hiyohiyo kwa ukubwa zaidi: ni terminali ndani ya terminali, inayoshika ncha za kuingizia za madirisha yake yote. Ukifungua kikao kwa tmux new -s kazi, unaweza ukiwa dirisha jingine kuandika:

tmux send-keys -t kazi 'date' Enter

na safari hii tarehe itatoka. Anayetaka dirisha moja liliamrishe jingine, atumie hii na asihangaike na mengine.

Mengine yapo, na moja lina historia mbaya. Tangu enzi za Unix ya Berkeley kerneli ilikuwa na huduma iitwayo TIOCSTI, inayosukuma herufi kwenye ingizo la terminali kana kwamba zimebonyezwa na mtu. Fikiria msimamizi wa mfumo, mwenye mamlaka yote, akiendesha ndani ya dirisha lake programu asiyoiamini huku ameivua mamlaka. Programu hiyo inasukuma herufi za amri ya kufuta mafaili, pamoja na Enter, kisha inajifia kimya. Sheli ya msimamizi inarudi, inasoma sifuri, inakuta amri, inaitekeleza kwa mamlaka yote ya msimamizi. Sheli nayo haijui nani anaiandikia. Mwaka 2017 ilibainika kwamba kwa mbinu hii programu iliyofungiwa ndani ya bubblewrap, chombo cha kuzitenga programu zisiguse mengine, ingeweza kutoka nje. OpenBSD iliiondoa huduma hiyo mwaka huohuo. Linux ilisubiri hadi toleo la 6.2, Februari 2023, ndipo ikaweka swichi ya kuizima.

Hata kuizima kulikuwa na gharama. BRLTTY, programu inayowawezesha wasioona kutumia kompyuta kwa vifaa vya maandishi ya Breli, ilikuwa ikiitegemea TIOCSTI kuingiza vitufe vya mtumiaji. Kerneli ikarekebishwa tena ili programu zenye mamlaka ya juu ziendelee kuruhusiwa. Wenye kupenda usalama wa moja kwa moja hawakufurahi, lakini naona ulikuwa uamuzi wa haki.

Nirudi kwenye makali niliyoahidi. Una faili la majina ya kompyuta kumi, unataka kuingia kila moja na kuuliza imewaka kwa muda gani:

while read kompyuta; do ssh "$kompyuta" uptime; done < orodha.txt

Kitanzi hiki kinaingia kompyuta ya kwanza, kinapata jibu, kinaacha. Hakuna kosa lililotangazwa. Ssh imerithi sifuri ya kitanzi, na kwa kuwa kazi yake ni kupeleka ingizo kwa kompyuta ya mbali, imelimeza faili lote lililobaki. Mahali pa kusomea ni pamoja kwa mzazi na mtoto, kwa hiyo read ikirudi inakuta mwisho wa faili. Andika ssh -n, au uichepushie ingizo kutoka /dev/null, na zote kumi zitatembelewa. Ffmpeg, wanayoitumia wengi kubadili video, ina tabia hiyohiyo, na dawa yake ni -nostdin.

Mtego mwingine ni sort < majina.txt > majina.txt. Sheli huziandaa njia zote kabla sort haijaamka, na kufungua faili kwa > maana yake ni kulifuta kwanza. Sort inaamka na kukuta faili tupu, inapanga utupu huo kwa uaminifu. Tumia sort -o majina.txt majina.txt.

Mtego wa mwisho umeandikwa kama maelekezo rasmi ya kusakinisha programu nyingi: curl anwani fulani, bomba, sh. Hapo sheli inasoma amri zake kutoka mtandaoni kupitia sifuri na kuzitekeleza kadiri zinavyofika. Mtandao ukikatika katikati ya mstari, sheli inaona ingizo limeisha na inatekeleza kipande kilichofika, na rm -rf /tmp/kazi iliyokatwa baada ya mkwaju wa kwanza ni amri tofauti kabisa. Programu yoyote ndani ya skripti hiyo inayosoma sifuri inaweza pia kumeza mistari iliyobaki, kama ssh ilivyomeza orodha yetu. Na hukusoma chochote kabla ya kukitekeleza. Hifadhi skripti kwanza kwa curl -o sakinisha.sh pamoja na anwani yake, uisome kwa less, ndipo uiendeshe kwa sh sakinisha.sh. Ukifanya hivyo sifuri inabaki kwa kibodi yako, na skripti ikitaka kukuuliza ndiyo au hapana kabla ya kufuta kitu, itakuuliza wewe.